Kiboko Apandishwa Cheo

Nisimulie, nisisimulie?
Simulia!
Masikio yako wapi?
Haya hapa!
Basi yafungueni.

Zamani wanyama walicheza tenisi ukingoni mwa mto, na mwenyekiti wa chama chao alikuwa Kiboko. Yeye mwenyekiti, yeye mchezaji, yeye mwamuzi. Kombe halikutoka nyumbani kwake.

Siku moja akakutana fainali na Bi Kindi, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu. Kindi akapiga, pa! Mpira ukatua ndani ya mstari.

"Nje!" Kiboko akanguruma.

Akapiga tena, pa! Ndani.

"Nje!"

Kindi akashindwa. Akaweka raketi chini kwa uchungu, asicheze tena.

Haukupita muda, Kiboko akasikia sauti ya Kindi redioni, sasa mtangazaji: "Wasikilizaji, mpira umetua ndani, Mwenyekiti anasema nje!" Msitu mzima ukaangua kicheko. Kiboko akakuna kichwa, kwaru kwaru. Si alimshinda huyu? Mbona anachekwa yeye?

Akamwita. "Bi Kindi, nikufanyeje unyamaze?"

"Nipe kazi ofisini, Mwenyekiti. Katibu hatangazi."

Akampa. Redio ikanyamaza, lakini Katibu hakunyamaza.

"Mwenyekiti, cheo chako kidogo."

"Kidogo? Kuna kikubwa zaidi?"

"Kipo. Mlezi wa Chama. Huyo huketi juu ya wote."

"Nakitaka!"

"Ila Mlezi hachezi wala haamui. Hizo ni kazi za watu wadogo."

"Na kombe?"

"Halishikwi na mshindi kabla ya Mlezi kulishika."

"Nakitaka leo hii!"

Wanyama wakampitisha kwa shangwe, na uenyekiti wakampa Kindi.

Fainali ikafika. Kiboko juu kitini, shada la maua shingoni. Uwanjani, Kwale akampigia Swala mpira mkali, pa! Kiboko akafumbua kinywa: "Nj..."

"Mlezi haamui, mheshimiwa," Kindi akamnong'oneza.

Kwale akashinda. Kiboko akaletewa kombe, akalikumbatia kifuani. Makofi, pa pa pa!

"Sasa mkabidhi Kwale."

"Nimkabidhi? Mimi?"

"Wewe, mheshimiwa. Nani mwingine mkubwa hapa?"

Kombe likaenda. Kiboko akabaki mikono mitupu, makofi yakizidi, asijue apunge mkono au alie. Akapunga.

Funzo, wanangu: maneno matupu hayamfikishi mtu popote, na anayetaka nguvu atafute kiti cha juu kabisa. Mimi nimefika mwisho. Asiyeelewa akamuulize Kiboko. Naye bado anauliza.