Kasuku wa Daraja ya Mshipi

Katika mji wa Zumrudi alitawala Sultani Naufali, na babu yake ndiye aliyeiunda Daraja ya Mshipi, mashujaa arobaini wapanda farasi walioapa kuilinda njia ya mahujaji bila ujira, na jini Karmadi akafungwa kumtumikia kila aliyesoma kiapo na kufungwa mshipi kwa mkono wa sultani, na kila aliyekufa alizikwa na mshipi wake. Kisha baba yake akaunda Daraja ya Nyota kwa watoto wa mawaziri, ambao kazi yao ilikuwa kuzaliwa. Na Naufali mwenyewe akaunda Daraja ya Tausi, akawapa nishani yake kinyozi, mpishi na kila aliyemchekesha.

Wa Mshipi alibaki mmoja, mzee Sharafu, na uchungu wake ulikuwa huu: akifa yeye, kiapo kimekufa. Basi akamleta barazani Mabruki, mchunga ngamia aliyewaokoa mahujaji ishirini mikononi mwa haramia.

"Maulana, mimi nimekwisha. Nakuomba umfunge huyu mshipi wangu, kazi isikatike."

"Mchunga ngamia?" Sultani akacheka. "Kiapo chenyewe hata kasuku wangu anakijua."

Kasuku, aliyekisikia kila Sharafu alipokisoma barazani akiomba mrithi, akakisoma chote bila kukosea, na Sultani, kwa mzaha, akauvua mshipi kiunoni mwa mzee akamzungushia ndege. Baraza zima likaangua kicheko. Sharafu hakucheka, maana alimwona Karmadi akiinama mbele ya tundu la ndege na kusema, "Labeka, bwana wangu."

Juma lile lile Mfalme Dahaki akashuka na jeshi. Sultani, alipoambiwa na Sharafu jini sasa anamtii nani, akamsihi kasuku amwamuru, lakini maneno ambayo ndege yule aliyasikia zaidi barazani ni mawili tu: "Mpe nishani." Jini akatii, akawavisha maadui nishani kikosi kwa kikosi, na Sultani mwenyewe akavishwa nishani juu ya nishani mpaka shingo ikapinda, asiweze kuinuka kitini.

Sharafu na Mabruki peke yao waliwazuia maadui penye kisima cha njia ya mahujaji mpaka mahujaji wote wakakimbia salama, na hapo Mabruki akaanguka na mkuki kifuani.

"Baba, na mimi ni wenu?"

Mzee hakuwa na mshipi wala idhini. Akafungua kamba ya ngamia, akamfunga kiunoni kwa mkono wake mwenyewe. "Ni wetu, mwanangu. Soma kiapo."

Mabruki akafika nusu.

Dahaki akauteka mji, akamwoa binti wa Sultani kwa harusi ya siku saba, akairithi hazina, akaunda daraja yake, na wa kwanza kuvishwa alikuwa kinyozi yule yule. Anayetaka fundisho na achukue hili: anayegawa heshima kwa mzaha hataiona siku anapoihitaji. Sharafu yeye alimzika Mabruki na kamba yake kiunoni, akakaa kando ya kaburi, akaisoma ile nusu ya kiapo iliyobaki.