Sauti Iliyopata Wenyewe

Wapendwa, kaeni. Somo litakuja baadaye. Kwanza nataka niwape habari za mama mmoja mtangazaji.

Mama huyu alitangaza katika redio ndogo ya wilaya, ile aina ya redio ambayo mawimbi yake yakivuka vilima viwili yanakuwa yamechoka. Kipindi chake kilikuwa cha asubuhi. Alisoma matangazo ya vifo, ng'ombe waliopotea, siku za chanjo, bei ya ufuta, mto umejaa au umepungua. Miaka kumi na minne. Watu wakibishana sokoni, mmoja akisema, "Mama kasema leo asubuhi," ubishi unaishia hapo hapo. Mji ule ulikuwa na watu wa kila namna, lakini redioni wote walikuwa na mama mmoja.

Ukaja uchaguzi. Vyama vilikuwa viwili, Kinu na Ngazi, na kilichogombaniwa hakikuwa kitu kidogo. Chini ya mji kulikuwa na bonde ambalo watu wamelima mpunga tangu enzi za babu zao. Mgombea wa Kinu alisema watu wa bondeni wahamishiwe mlimani, pale pajengwe skimu kubwa ya umwagiliaji. Wa Ngazi akasema hahami mtu. Basi, nyumba zikapasuka. Hata misibani watu wakawa wanakaa mafungu mawili.

Mtangazaji wetu alizaliwa bondeni. Kaka yake mkubwa, aliyemlea baada ya baba yao kufariki, alikuwa bado analima kule kule. Lakini mama alikuwa upande wa Kinu, na alikuwa na sababu. Alikuwa amesoma hewani majina mengi mno ya watu waliochukuliwa na maji ya bonde lile. Niseme kweli: huenda alikuwa na haki.

Redioni hakusema neno. Alisema kwenye simu yake. Alifungua ukurasa mtandaoni, akaweka picha yake na jina lile lile la redioni, akaanza kuandika. Siku ya kwanza aliandika kwa adabu, akapata pongezi chache. Siku ya pili aliandika kwa ukali kidogo, wakampongeza mia nne. Wapendwa, pongezi ni kama pombe ya kienyeji. Bakuli la kwanza unaonja, la tatu hujui tena unakunywa nini. Kufika wiki ya tatu alikuwa anaandika juu ya watu wa bondeni maneno ambayo asingethubutu kumwambia hata mmoja wao akimtazama usoni.

Mkuu wa redio akamwita. Alikuwa kijana mwenye miwani, mdogo kwake kwa miaka kumi na zaidi.

"Shikamoo, mama. Naomba uache kuandika yale."

"Marahaba. Nimeyasema hewani?"

"Hapana."

"Nimetumia simu ya ofisi?"

"Hapana, mama."

"Basi mimi si raia? Siku niliyoajiriwa hapa nilikabidhi na kichwa changu pamoja na vyeti?"

Kijana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Haki unayo, mama. Lakini bondeni hawajui mama wa redioni anaishia wapi na mama wa kwenye simu anaanzia wapi. Sauti ni moja."

"Watajua," alisema, akachukua mkoba wake akatoka.

Alikosea? Msinijibu haraka. Nawaona mnaotikisa vichwa, na nawajua mlio tayari kumtetea. Mtu kuzibwa mdomo ni dhuluma, nani asiyejua? Subirini.

Kinu wakashinda. Mama alibebwa juu juu siku ile, na khanga wakamtandikia apite. Bondeni hawakumtukana. Walihamisha masafa tu. Asubuhi wakawa wanasikiliza muziki wa redio ya mbali, redio isiyojua hata kama kuna bonde.

Masika yaliyofuata, kabla hata mtu mmoja hajahamishwa bondeni, saa nne asubuhi simu ililia studio. Walikuwa walinzi wa bwawa la huko juu. Mvua ya milimani imezidi, bwawa limefura, watalazimika kufungua milango yote saa tisa alasiri. Ifikapo saa kumi na moja, bonde litakuwa chini ya maji.

Mama alitangaza. Alirudia kila baada ya robo saa, mpaka koo likakauka. Bondeni waliomsikia walikuwa wachache. Wakawaambia wenzao, na wenzao wakauliza swali moja tu:

"Kasema nani?"

"Yule mama."

"Ahaa! Ndiyo mbinu yenyewe hiyo. Tukitoa mguu tu, matrekta yanaingia."

Saa sita mchana mama akapata habari kwamba hakuna aliyesogea. Akamwachia mwenzake kipaza sauti, akapanda bodaboda mpaka kwa kaka yake. Alimkuta shambani anafukuza ndege kwenye mpunga. Wifi yake alikuwa amekaa kivulini anapepeta. Jua linawaka, mbingu haina hata wingu.

"Shikamoo, kaka. Maji yanakuja. Mchukue wifi, twende, nawaomba."

Kaka hakuitikia salamu. Tangu mama azaliwe, ilikuwa mara ya kwanza.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Wamepiga simu kutoka bwawani. Kaka, hakuna muda."

"Mimi sina simu ya kusoma mambo ya mtandaoni," alisema kaka taratibu. "Yako nilisomewa. Nikaomba nisomewe mara ya pili, nikayashika. 'Watu wa bondeni ni kunguni wa kitanda. Hawatoki kwa kubembelezwa, mpaka wamwagiwe maji ya moto.' Uliandika wewe, au wamekusingizia?"

"Niliandika mimi."

"Na leo umekuja na habari za maji."

Alipiga magoti kwenye tope. "Nitukane, kaka. Nipige hapa hapa mbele ya wifi. Lakini ondokeni kwanza, mtanipiga kule juu."

Kaka alimtazama. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomtisha mama zaidi. "Nikikutazama naona mtoto niliyembeba mgongoni kumpeleka zahanati. Ningependa kukuamini, mdogo wangu. Ila sioni tena pa kushika." Akaokota bonge la udongo, akawarushia ndege.

Wifi alikuwa amesimama na ungo mkononi. Alimtazama mumewe. Akakaa.

Mama alipita nyumba kwa nyumba mpaka saa tisa na nusu. Waliomfuata ni kina mama watano wenye watoto wachanga na mzee mmoja aliyesema yeye hana chama. Saa kumi na moja kasoro robo maji yalifika. Walikufa watu kumi na tisa. Kaka na wifi walipatikana pamoja, kwenye uzio wa shamba la jirani.

Hamjasikia bado. Kesho yake mchana, akiwa kwenye mkeka wa msiba, mama aliwasha simu yake. Ukurasa ulikuwa umefurika pongezi kuliko siku ya ushindi. "Uliwaonya, mama, wamejitakia." "Mungu mkubwa, bonde sasa ni jeupe, skimu ijengwe." Walikuwa ni wale wale, watu wake, aliowakusanya mwenyewe mmoja mmoja kwa maneno yake. Akaandika: "Mmoja wa waliokufa ni kaka yangu aliyenilea."

Jibu la kwanza lilikuja hata machozi hayajamkauka. "Pole sana, mama. Lakini naye si alikuwa Ngazi?"

Hapo ndipo mfano unapoishia. Hakuna zaidi.

Sasa mseme. Mama alikuwa na haki ya kusema? Alikuwa nayo. Kaka alikuwa na sababu ya kutomwamini? Alikuwa nayo. Na watu kumi na tisa wako kaburini, kati ya haki ya huyu na sababu ya yule. Kazi ya kutangazia watu wote ina mzigo wake, wapendwa: siku ya hatari uaminiwe na asiyekupigia makofi. Anayekupigia makofi angekuamini hata ukidanganya. Mama alikuwa na kaka elfu moja bondeni, akawatoa wote, akapewa mashabiki.

Na sisi je? Sisi ndio tuliobonyeza pongezi. Sisi ndio tulioambiwa maji yanakuja tukauliza, "Kasema nani?" Neno la kweli likitoka mdomo wa upande wa pili tunalirudisha kama barua iliyokosea nyumba, halafu tunalia kwamba hatukuambiwa.

Mnadhani leo nawasema watangazaji. Nilitamani iwe hivyo, ingekuwa rahisi kwangu. Mwaka ule wa uchaguzi wetu, Jumapili ya mwisho kabla ya kura, ni nani aliyesimama katika mimbari hii akawaelekeza mumpigie nani? Ni mimi. Nilisema mimi pia ni raia. Mlipiga vigelegele, nikashuka hapa najiona nabii. Tazameni mabenchi ya kushoto, kuanzia la nne kwenda nyuma. Mmeyazoea yakiwa matupu, hata mnawekea mikoba. Pale palikuwa na familia kumi na moja.

Baba wa mojawapo alilazwa mwezi huu. Nilisikia amezidiwa, nikamtuma mzee wa kanisa amwulize kama niende nimwombee. Alirudi na jibu, akasita kunipa, nikamlazimisha. "Mwambie mchungaji akawaombee watu wake."

Amefariki Alhamisi. Sikualikwa mazishini.

Tusimame. Leo sitaongoza maombi mimi. Kila mtu aombe kimya, na mwenye ndugu aliyekaa kwenye mabenchi yale, baada ya ibada aniambie anakoishi. Nitakwenda kwa miguu, na wasiponifungulia nitarudi tena.