Kitambaa Juu ya Taa

Wapendwa, nawaletea habari ya hospitali moja ndogo ya misheni. Kumbukumbu za wagonjwa wote zilitunzwa ndani ya seva moja, kompyuta kuu ya hospitali, na juu ya seva hiyo karani alitandika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Kila Jumamosi alikifua, akakipiga pasi, akakirudisha.

Asubuhi moja akaletwa mjamzito wa kupasuliwa. Akasema, "Uzazi wa kwanza kuna dawa nusura iniue. Jina lake silijui. Mliliandika ninyi."

Karani akabonyeza. Kimya. Seva imezimika.

Fundi akaitwa mbio. Akakitoa kitambaa, akagusa, akarudisha mkono: moto! Akaifungua, akaiacha ipoe, akaiwasha, akasoma. Kisha akavua kofia.

"Dada, humu mna diski mbili. Zinatunza mambo yaleyale, ili moja ikifa, nyingine ibaki. Moja ilikufa mwezi wa pili."

"Fundi, huu si mwezi wa tisa?"

"Ndiyo. Hii moja imebeba yote peke yake."

Mnasikia? Kila mtoto aliyezaliwa, kila marehemu, kila dozi. Miezi saba, ndani ya joto lile, na haikudondosha hata jina moja! Jina la dawa likatokea. Daktari akakimbia nalo, na kabla ya adhuhuri kichanga kikalia, mama yake akikisikia.

Karani akaleta diski kuukuu kutoka stoo. "Pachika hii, bado nzima."

"Ndogo hiyo, dada. Mwenzake atamimina wapi yote haya?"

Fundi akachagua yenye nafasi. Na ile iliyochoka ikaanza kumimina, jina kwa jina, nao wakaitazama kama watu walio kanisani.

Ndipo fundi akauliza, "Lakini taa nyekundu ya onyo hapa juu ya seva imewaka miezi saba. Hamkuiona?"

Karani akainama. "Niliiona. Ilinikera macho. Ndiyo maana nikafuma kitambaa."

Na sisi je? Yuko mtu kwenye benchi hizi anayebeba nyumba ya wawili tangu mwenzake azikwe. Macho yake mekundu hatuyaoni? Tunayaona! Yanatukera, basi tunayafunika: "Jipe moyo, Mungu yupo." Tunapita. Neno zuri, jeupe, tumelipiga pasi.

Leo usimfunike. Kaa naye. Ila usiende na moyo mdogo wa stoo. Nenda na wenye nafasi. Mwambie, "Mimina." Kisha nyamaza, mpaka jina la mwisho.