Shekhe Aliyehesabu Hodi

Katika mji wa Kafurini alitawala Sultani Mundhiri, mwenye majumba arubaini na farasi wasio idadi, na katika hazina zake alikuwamo ndege mwenye mabawa ya zumaridi, na ndani ya ndege huyo alifungwa jini aliyepewa kazi moja tu: kumtaja mwenye hekima kuliko wote mjini. Nami ni Badawi bin Haruni, mwanachuoni wa mji huo. Aibu ya hekaya hii ni yangu, msimsingizie mtu.

Waziri mkuu alipofariki, Sultani alitangaza kwamba atakayetajwa na ndege atakalia kiti cha uwaziri na kumwoa binti yake, Sitti Jauhari. Jamani, nilijua ni mimi! Nani tena? Nilikuwa nimesoma vitabu elfu, na mke sikuwa naye, na joho la harusi nilikwisha kulijaribu.

Tukakusanyika barazani, na ndege akafunua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke: "Hodi! Hodi, Shekhe! Hodi jamani, mwanangu anakufa!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana sauti ile niliijua. Ilikuwa ya Bi Mashavu, mjane msuka mikeka, aliyekuja mlangoni kwangu mwezi uliopita na mtoto anayewaka homa, akitaka barua yangu, kwani tabibu wa Sultani hakupokea mtu asiye na barua hiyo. Nilikuwa nasoma kitabu, mlango wa fadhila za hekima. Nikanyamaza. Ada yetu, mgeni akipiga hodi mara tatu asijibiwe, huondoka bila kinyongo. Basi nikazihesabu hodi zake kwa vidole, na alipoondoka nikashusha pumzi, nikafunua ukurasa. Wallahi, nilifurahi kwamba ameondoka.

"Shekhe wetu," Sultani akaniuliza, "maneno haya yana maana gani?"

Ningeweza kudanganya, ufasaha wa kudanganyia ninao. Lakini jini akacheka ndani ya ndege, akasema, "Utamwambia wewe, Badawi, au nimwambie mimi?" Nikapiga magoti, nikaeleza yote mbele ya maamiri na wapishi, huku nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Na mtoto je?" Sultani akauliza.

"Sijui, maulana. Sikuuliza."

Jibu hilo ndilo lililoniumbua kuliko yote. Hata waliokuwa wakicheka waliacha.

Ndipo jini akalitaja jina: "Farjala, mchota maji wa Mtaa wa Chini. Mwulizeni habari za mtoto yule." Watu wakashangaa, maana Farjala hakujua alifu wala be. Akaletwa, kanzu imelowa, na Sultani akamwuliza alimtendea nini mtoto yule.

"Nilimkuta mama yake analia njiani, maulana. Nikamwuliza, 'Una nini, dada?' Kisha nikambeba mtoto mgongoni hadi kwa mganga wa ng'ambo ya mto. Amepona, ila mguu mmoja umepooza. Tulichelewa kufika."

"Na nani aliyekufundisha hayo?"

"Kufundishwa, maulana?" Farjala akashangaa. "Mtoto alikuwa anaumwa."

Sultani akainuka kitini, akasema, "Enyi watu wa Kafurini, huruma ndiyo msingi wa hekima, na asiyekuwa nayo, vitabu vyake ni mzigo tu." Akamvika Farjala joho la uwaziri, akampa nyumba na mali tele, na Sitti Jauhari, alipoulizwa, akasema amemridhia.

Harusi ilikuwa ya siku saba. Na kwa kuwa Kafurini hapakuwa na mwanachuoni mwingine, hotuba ya ndoa niliisoma mimi. Nilipofika penye neno rehema, sauti ikanikatika, na watu wote wakanikodolea macho. Akainuka mtu mmoja kutoka upande wa wanawake, akapita katikati ya baraza na kikombe cha maji. Alikuwa Bi Mashavu.

"Kunywa, Shekhe wangu," akaniambia kwa upole. "Koo limekukauka."

Nikanywa, na kila aliyekuwapo aliniona ninavyolia.