Mbuzi wa Zamu ya Nakijwa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kijiji mlimani, watu wake hawana kitu ila mikono. Wewe wa nyuma, itika vizuri, hatujaja kulala hapa!

Hapo kale wanakijiji hao walipatana: kopa mbuzi, lipa mbuzi. Ukikopeshwa jike, mtoto wake jike wa kwanza si wako. Anakwenda kwa jirani anayefuata, hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, mpaka kila mtoto apate maziwa.

Mbonea akapewa mbuzi. Nyuma yake zamu ya Nakijwa, mjane, wajukuu wake wanalalia uji mwepesi kila siku.

Mbuzi wa Mbonea akazaa jike, mweupe, mzuri. Tamaa ikamwingia. Akamficha uvunguni.

Nakijwa akaja. "Hodi! Kaka, mbuzi vipi?"
"Bado hajazaa, dada."
Akarudi.

Akaja tena. "Hodi! Kaka, mbuzi vipi?"
"Kazaa jike, dada, ila mchanga mno. Ngoja apate nguvu."
Akarudi.

Akaja tena. "Hodi! Kaka, mbuzi vipi?"
"Ayaa, dada! Fisi kambeba jana!"

Mnacheka? Chekeni tu. Nakijwa hakucheka. Alishika kifua. "Pole, kaka. Pole sana." Akapita nyumba kwa nyumba. Jioni akarudi na kijiji kizima kumpa Mbonea pole, huyu na unga, yule na ndizi, yule na kuni. Wakajaa uani.

Nakijwa akasema, "Jamani, mbuzi wa jirani yetu Senkondo akizaa jike, apewe Mbonea badala ya huyo aliyebebwa na fisi. Mimi nimezoea kungoja."

Mbonea akainama. Haya zikampanda mpaka masikio yakawaka.

Mara, ndani ya nyumba: Meee!

Watu wakatazamana. Nakijwa akakohoa kwa nguvu. "Wajukuu wangu hao, wanapenda kuigiza mbuzi."

Wajukuu gani, jamani? Aliwaacha kwake! Kila mtu alijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Heri wangemtukana, heri wangempiga!

Mbonea akaingia ndani, akatoka na mbuzi, akapiga magoti mbele za watu.

"Dada," akasema, "fisi ni mimi."

Nakijwa akapokea kamba. "Asante, kaka." Hakumtazama usoni, asije akamwongezea aibu. Watu wakaenda zao, na vyakula vya pole wakamwachia. Mbonea akavila peke yake.

Hadithi nimeitua hapa. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu niachieni mwenyewe.