Kiboko Aliyekalia Spika

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mnayo?
Tunayo!
Haya, yatoeni nje yapunge upepo.

Nyenje, fundi redio, ndiye wa kwanza kumwambia Kindi jambo hili. Alimwambia, "Mama Vumi, zile spika mbili za pembeni ni za ngoma na mvua. Maneno ya watu yana spika yake, nayo hukaa katikati."

"Mbona katikati amekaa Kiboko?" Kindi akauliza.

"Ndiyo hapo sasa," akasema Nyenje.

Wanyama wa mtoni walikuwa wamechangiana redio kubwa ya kuunganisha na runinga, nayo ikaja na spika tatu. Kiboko akasema, "Sebule pana ni yangu, ikae kwangu." Ikakaa kwake. Spika moja akaitundika kulia, nyingine kushoto. Ya tatu akaifanya kigoda, akaikalia mbele ya wote, chini ya runinga.

Kila jioni walitazama tamthilia. Ngoma ililia du-du-du! Mvua ilinyesha chwaa! Maneno yakazama humo humo. Mama mkwe wa Kindi, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, akauliza, "Amesema nini?"

"Lete kiazi," akajibu Kiboko.

Bibi akatoa kiazi. Kiboko akakibugia, ham! "Amesema ndiyo."

"Na yule mwingine amesema nini?"

"Lete kiazi."

Ham! "Amesema hapana."

Viazi hivyo vilikuwa chakula cha watoto wa Kindi, Vumi na wadogo zake. Watoto walikunywa uji mwepesi wakalala, na bibi yao akaona haya. "Mwanangu," akamwambia Kindi, "kuanzia kesho nitabaki nyumbani. Siwezi kuwanyima wajukuu kwa sababu ya tamthilia nisiyoisikia."

Kindi akaumia moyoni, maana bibi hakuwa na starehe nyingine duniani.

Kindi alikuwa na haya. Mbele ya wakubwa sauti yake ilikuwa haitoki. Lakini siku iliyofuata alijikaza, akaenda mapema kwa Kiboko, na Nyenje nyuma yake, waya kwapani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umeleta kiazi?"

"Nimeleta pole, mzee. Kila jioni nakuona ukijikuna."

"We acha tu! Huku nyuma kunawasha, na mkono haufiki."

"Kigoda chako kikifungwa waya kinatetemeka. Kinakuna chenyewe."

"Kinakuna?"

"Kinakuna."

"Na mimi nimekaa?"

"Umekaa, mzee. Usihangaike kuinuka. Tutakigeuza tu kidogo, uso wake uwatazame watu."

"Sasa unangoja nini? Fungeni!"

Nyenje akafunga waya. Watu wakaja, bibi naye akabembelezwa akaja. Tamthilia ikaanza. Ngoma ikaenda pembeni, du-du-du. Mvua ikaenda pembeni, chwaa. Na katikati, chini ya makalio ya Kiboko, ikatoka sauti ya msichana, safi, neno kwa neno: "Sikutaki! Nenda kaoge kwanza!"

Sebule nzima ikaangua kicheko.

"Amesema nini?" akauliza Nguruwe, kwa mazoea tu.

"Lete kia..." Kiboko akaanza.

"Amesema hamtaki, akaoge!" bibi akadakia. "Nimesikia mwenyewe, jamani! Nimesikia!" Akamshika Kindi mkono, asiuachie.

Kiboko akataka kuinuka aizime redio. Kigoda kikatetemeka, trrrr, pale pale panapowasha. Akaketi tena. Trrrr. Macho yakajifumba yenyewe.

"Aaa," akasema. "Waacheni waseme."

Asubuhi yake Kindi alichemsha sufuria nzima ya viazi, watoto wakala wakashiba. Kisha akamwita Nyenje, akamwekea kiazi kilichonona kuliko vyote. "Asante, fundi," akasema kwa sauti ndogo. Alitaka kusema zaidi, haya zikamzuia. Lakini bibi alikuwa ameshamkamata fundi, anamsimulia tamthilia yote, nani alisema nini na nani alimjibu nini, bila kuruka neno. Kindi akavuta mkeka, akakaa kumsikiliza.

Hapo hadithi yangu imezimika; anayeitaka akaiwashe kwao.

Na funzo lake? Mkubwa akikalia kitu chenu, msimwambie ainuke. Mwombeni akae vizuri.