Diwani Aliyekwenda Kutafuta Vina

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji gani?

Mwambakoko, mji wa pwani!

Una wageni?

Hauna hata wa kuuliza njia!

Basi kaeni, na walio nyuma waache kusukumana, maana hadithi hii hairudiwi.

Mwambakoko uliishiwa wageni hadi kaa wakawa wanakatiza barabarani bila kumpisha mtu. Diwani wa mji, Kiboko, akaamuru nyumba kuukuu ya Malenga Ninga ibomolewe, achimbiwe bwawa la kuogelea. Lake peke yake.

Ninga alikuwa ndege mtunga mashairi, naye amekwisha kufa. Lakini katika ufa wa ukuta wake, Bi Mjusi alikuwa na mayai sita, yamebakiza siku tatu kuanguliwa. Mayai hayahamishwi kama sufuria. Bi Mjusi hakulia. Kulia kungempotezea asubuhi nzima. Akawaita korongo waliokuwa wakipita angani: "Shukeni mwone nyumba ya malenga na diwani yake, kitabu cha mashairi yote!"

Wakashuka, pwa! pwa! pwa! Wakapanga foleni. Wakaulizana malenga alilala wapi, alikula nini.

Mara Kiboko huyo, ndi! ndi! ndi! anakuja kubomoa.

"Mnataka nini hapa?"

"Tumekuja kuona diwani," wakasema korongo.

Kiboko akavimba. "Diwani ni mimi!"

Korongo wakatazamana. "Mbona nene hivi?" mmoja akanong'ona. "Ina vina kweli?"

Kiboko akamgeukia Bi Mjusi. "We Mjusi, wageni wamenifuata mimi. Nyumba sibomoi tena, nahamia leo hii. Toka na mayai yako!"

"Sawa, Mheshimiwa. Ila diwani isiyo na vina, wageni huiacha wakaenda zao."

"Vina viko vingapi?"

"Kuna kina cha kati na kina cha mwisho."

Kiboko akaangalia bahari, akacheka. "Kina! Mimi kina nakijua tangu utotoni."

"Mheshimiwa ndiye msomi," akasema Bi Mjusi.

Kiboko akaingia majini. Chubwi! "Hapa?"

"Bado, Mheshimiwa."

Chubwi! "Hapa?"

"Hapo ni kati. Bado cha mwisho."

Chubwi! Maji yakamfika puani. "Hapaaa?"

Mkondo ulimzoa Kiboko, vuuu! akabaki masikio, kisha hata masikio hayakuonekana.

Korongo wakapiga mbawa kwa furaha. "Anaigiza vizuri! Kesho atarudia saa ngapi?"

"Kesho hana nafasi," akasema Bi Mjusi. "Amesafiri kikazi."

Siku ya tatu, to! to! to! mayai yakapasuka. Wakatoka watoto sita, wote wana njaa, na hakuna aliyesema ahsante. Nje foleni ilikuwa imefika sokoni.

Kiboko alitupwa kwenye kisiwa cha mikoko. Mpaka leo anatafuna majani yenye chumvi na kuwauliza samaki: kina cha mwisho ni kipi?

Hadithi naikunja hapa. Mwenye yake aitandike. Na funzo lake, watoto, ni hili: viongozi wanaopenda mashairi hufika mbali.